Alama za Makaa

Jumamosi, 3 Mei

Kona ya reli ya pale kisimani imeng'olewa yote. Vipande ishirini na vinne vya reli, na toroli moja isiyo na breki. Ndiyo yaliyobaki ya reli ya shamba la mkonge. Marehemu mume wangu Bakari alitengeneza toroli humo miaka ishirini na sita. Mmiliki mpya anataka kujenga nyumba, katupa mwezi mmoja tutoe vyuma vyetu. Kasema kwa uungwana, sina neno naye.

Leo tulikuwa wanne. Bwana Jayant, mwenyekiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Sidi, aliyekata mkonge humo tangu ni kigoli, sasa analima mihogo. Mzee Kazungu, nyapara wa genge la reli zamani zile. Na mimi, mwalimu mstaafu, katibu. Kikundi chetu cha kuitunza reli kilianza na watu kumi na saba. Wengine wamechoka, wengine tumewazika.

Vyuma hivi tunavihamishia chuo cha ufundi, tuitandike kona ile ile, watoto wa shule waje waone bidhaa ya pwani hii ilivyokuwa ikisafiri. Mzee Kazungu alibaki nyuma sisi tulipoondoka. Alisema ana kazi yake ndogo na reli. Hatukumwuliza kazi gani.

Nimefika nyumbani Kibarani saa kumi. Nyumba jii. Nimepika chai ya mtu mmoja. Naichukia ile sufuria ndogo.

Jumatano, 7 Mei

Mvua tangu alfajiri. Halima hakupiga simu Jumapili, hakupiga jana, hakupiga leo. Mwanangu ana kazi zake Nairobi, najua. Kujua hakunisaidii kitu.

Saa nne nikachoka kusikiliza friji ikinguruma. Nikachukua brashi ya waya na chupa ya mafuta ya taa, nikaenda shambani kwa bodaboda, mvua ikininyeshea. Reli zimelazwa chini ya bati la karakana. Jumamosi tunazipaka rangi, nikaona bora niwapunguzie wenzangu kazi. Nimesugua kumi na moja. Juu, ubavuni, kisha nazipindua kwa mtaimbo nasugua kitakoni. Huko chini zina masizi meusi. Nadhani walinzi wanapikia pale. Nimeyatoa yote, hata chembe.

Tangu asubuhi sijasema na mtu ila yule wa bodaboda. Lakini leo siku imepita.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemaliza zilizobaki. Bega la kulia linauma, kijiko nakishika kwa kushoto. Nimefurahi.

Jumamosi, 10 Mei

Rangi nyeusi, ametoa Bwana Jayant dukani kwake. Mzee Kazungu hakuja, ana msiba kwao Ganze. Sidi alipoona reli zinavyong'aa alisema nimewatia aibu, mtu wa pensheni kuwapita wenye nguvu. Bwana Jayant alitaka kujua nimezisugua lini. Nikamwambia, akatikisa kichwa, akanunua mahamri ya watu watatu. Tumekula tumekaa juu ya toroli, tukicheka mambo ya zamani, Sidi akimwiga karani wa mizani.

Muda mrefu sijachekeshwa hivi. Naandika nisije nikasahau.

Jumamosi, 24 Mei

Siku mbaya.

Tulihama Jumatano kwa lori. Mkuu wa chuo ametupa pembe ya uwanja mpaka mwisho wa Juni. Reli isipotandikwa kufikia hapo, anataka pahali pake ajenge banda la kuchomelea, na vyuma vitauzwa chakavu. Kasema waziwazi, mbele ya walimu wake wawili.

Mzee Kazungu alipindua reli ya kwanza, akaitazama. Akapindua ya pili. Ya tatu. Akauliza alama zake ziko wapi. Genge lao walikuwa na desturi: kila reli ya kona imepindwa kwa mkono, haikai ila na jirani yake, basi kabla ya kuhamisha, nyapara huweka alama kwa makaa chini ya kitako, mvua isifike. Mstari kwa reli ya nje, mistari miwili kwa ya ndani, kisha nukta za kuhesabia. Yeye hakusoma, hayo ndiyo maandishi yake. Alisema aliziweka ile Jumamosi tuliyomwacha nyuma.

Bwana Jayant alikwangua rangi kwa kisu. Chini chuma cheupe. Sidi akasema tulipopaka hatukuona makaa. Kisha Bwana Jayant akanigeukia mimi. Mwalimu, wewe ndiye uliyesugua. Uliona alama?

Niliyaona masizi yale kama nayaona sasa, mistari na vitone, mistari na vitone.

Nikasema, "Kutu tu. Hakukuwa na kingine."

Yametoka yenyewe. Nilikuwa bado naonja utamu wa kusifiwa kwangu, nikaogopa kuupoteza. Sina sababu nyingine, na hii nayo si sababu.

Bwana Jayant alimwambia Mzee Kazungu taratibu kwamba umri ni umri, hata yeye husahau funguo za duka. Alisema kwa huruma. Bora angemtukana. Mzee alitazama viganja vyake, akavaa kofia, akaondoka. Hakuaga mtu.

Jumapili, 25 Mei

Nimefundisha watu kusoma miaka thelathini na mmoja. Nikakuta maandishi ya mtu, nikayaita uchafu. Kisha nikamwita mwenyewe mwongo, na yeye amesimama pale pale.

Leo sitaki kuandika.

Jumamosi, 31 Mei

Tulijaribu bila yeye. Walimu wawili wa chuo walikuja kusaidia. Vipande havikubaliani. Ukikutanisha ncha hii, ile nyingine inatoka nje kiganja kizima. Bwana Jayant akashika nyundo, akalazimisha, kibati cha kuungia reli kikakatika vipande viwili. Tukasukuma toroli hivyo hivyo, tuone. Kwenye kiungo cha pili ikatoka, ikalala ubavu kwenye matope. Mkuu wa chuo alikuwa anatazama dirishani. Aliteremsha pazia.

Wakati wa chai Sidi alileta habari za Mzee Kazungu. Haonekani sokoni. Mkewe anasema anakaa nyuma ya nyumba, anataja majina ya watu wa genge, mmoja mmoja, aliye hai na aliyekufa, kisha anaanza upya. Anajipima kama akili bado ipo. Mkewe amemfichia panga, anaogopa atajikata.

Nilijitia hamnazo. Nikasema nakwenda kuosha vikombe, nikaviosha mara mbili.

Jumanne, 3 Juni

Nimepanda gari mpaka njia panda ya Junju, anakokaa Mzee Kazungu. Nimenunua ndizi za kupeleka. Nikasimama pale kituoni. Mvua ikaanza, nikajiambia mvua hii haitanipa njia, nikapanda gari la kurudi. Mvua yenyewe ilikuwa ya manyunyu.

Nimekula ndizi mbili. Nyingine zitaoza.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Niliswali msikitini, nikapeana mikono na wanawake ninaowajua kwa nyuso. Jirani kaniletea sahani ya pilau na nyama ya mbuzi, mwanawe akaiacha mlangoni akakimbia. Halima kapiga simu. Dakika nne. Kauliza kikundi kinaendeleaje, nikasema vizuri sana. Uongo wa pili, na huu nimeutoa bila hata kumeza mate.

Nimekaa na pilau ile mpaka imepoa. Miaka yote ya Bakari, siku ya Idi Mzee Kazungu alikuwa mtu wa kwanza kubisha hodi hapa. Si Mwislamu, lakini hakukosa. Bakari alipokufa aliendelea kuja, peke yake, anakunywa chai, anaondoka. Leo hakuja. Ningemfungulia kwa uso gani?

Kesho nakwenda Junju. Nimeandika, basi lazima niende.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda.

Alikuwa anapukuchua mahindi, mkewe pembeni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikaletewa kigoda. Nikakataa kukaa, nikijua nikikaa tutaanza kuulizana hali na nitakosa pa kuanzia. Nikasema nikiwa nimesimama. Alama zilikuwepo. Niliziona. Nilizisugua kwa brashi kwa kudhani ni masizi. Siku ile uwanjani nilijua, nikasema kutu.

Aliendelea kupukuchua mpaka likabaki gunzi tupu. Kisha akauliza kitu kimoja tu, mistari ilikuwa upande gani wa reli.

Nikamwambia: karibu na tundu za bolti, imelazwa, nukta ziko kushoto kwake.

Alifumba macho. Akamgeukia mkewe, akamwambia, "Umesikia? Nilizitia."

Mkewe alianza kulia. Mimi nilitaka kulia lakini nikaona kilio hicho si changu. Nikaomba radhi. Mzee alisema amesikia. Hakusema amesamehe, hakusema hakusamehe. Akachukua hindi jingine.

Niliaga. Hakunisindikiza. Miaka yote hii sijapata kutoka nyumba ya Mgiriama bila kusindikizwa hata hatua kumi. Nimetembea mpaka barabarani peke yangu, na mbwa wao ananibwekea.

Jumamosi, 14 Juni

Nimewaambia na wenzangu, mbele ya toroli. Nilitaka wayasikie kwangu.

Bwana Jayant hakunyanyua uso. Alisema yeye ndiye aliyemwambia mzee wa watu habari za umri, kwa kinywa chake, na hayo hawezi kuyarudisha. Kisha akasema, kwa adabu yake ile ile, labda daftari la kikundi lishikwe na mtu mwingine kwa sasa. Nimempa. Nilikuwa nimelibeba, nilijua litaombwa.

Sidi alinisubiri nikusanye vitu vyangu. Akasema, "Mwalimu, miye nilimcheka yule mzee nyumbani kwangu. Nimemcheka mbele ya wanangu. Kwa ajili yako." Akaondoka zake.

Hakuna aliyeniambia nisije tena. Hakuna aliyeniambia nije. Juni inakwisha na reli ziko chini kama kuni.

Jumatano, 18 Juni

Nimepangua kabati la nguo. Nimelipanga upya kama lilivyokuwa.

Nina mahali pamoja tu pa kwenda, na sijui kama bado ninapo. Nimekaa nikahesabu watu ninaoweza kuwapigia simu leo bila kuwa na shida. Sikufika watatu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda chuoni bila kualikwa. Nikajibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mbali kidogo, na brashi yangu mkononi kama mtu mwenye kazi.

Mzee Kazungu alikuwepo. Sidi alimfuata mwenyewe Junju. Sijui waliambiana nini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa chini, macho kwenye chuma.

Alifanya kazi kwa dole gumba. Anapiga magoti kwenye matope, anapitisha dole kwenye ukingo wa reli, pale gurudumu lilipokula chuma miaka yote ile. Reli ya nje imeliwa zaidi, na ya katikati ya kona imeliwa kupita zote. Anapapasa ncha hii, anapapasa ya jirani, anatikisa kichwa, anakwenda nyingine. Hana haraka. Angeweza hivi tangu siku ya kwanza, lakini tulikuwa tumemwondolea imani na mikono yake mwenyewe. Nimemwondolea mimi. Bwana Jayant alikuwa anamfuata nyuma na chaki, anaandika anachoambiwa, kimya, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Saa sita ilikuwa zote zimepata namba. Ikaja kubeba. Reli hubebwa na watu wanne, wawili kila ncha, na wote huinua kwa mpigo mmoja. Mmoja akikosa, mzigo unawalemea wengine mgongoni. Walimu wa chuo walikuwa kwenye mitihani. Bwana Jayant akashika ncha moja na Sidi. Mzee akashika ya pili, peke yake. Wakasimama.

Nilitazama chini. Sikusogea. Safari hii sikutaka kujipa kazi ambayo sikupewa.

"Wewe," akasema Mzee Kazungu. "Shika huku."

Nikaacha brashi. Nikashika kando yake. Akahesabu, tukainua. Hakusema nami tena mchana kutwa, ila kushoto, kulia, shusha. Nimeyafuata yote. Kipande cha tatu kilikutana na cha nne bila nyundo, bolti ikaingia kwa vidole. Sidi akaguna. Hakuna aliyepiga makofi.

Saa kumi na moja tulikuwa tumetandika kumi na tisa. Wao wakaketi kunywa chai kwenye toroli. Mimi niliosha mikono bombani nikaenda zangu, sikungoja kuona kama kuna kikombe cha nne.

Viganja vimetoka malengelenge. Vimebaki vipande vitano. Nimeloweka nguo za kazi kwenye beseni, zikauke kabla ya Jumamosi.