Nilipohamia ngoma ya bibi yako

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Huku Bariadi tumeshavuna pamba, na yule ng'ombe wako mwekundu amezaa. Umeniuliza mimi, mwalimu mstaafu, mmenyuko wa kikemia una tofauti gani na wa nyuklia.

Ujanani nilihamia kikundi cha ngoma cha wapinzani wetu, kwa sababu bibi yako aliimba huko. Nilivaa njuga zao, nikaimba nyimbo zao za kuwasema ndugu zangu. Lakini nikirudi nyumbani, mama aliniita kwa jina lilelile. Kemia ndivyo ilivyo: atomi zinaachana na kushikana na nyingine, ila kila moja inabaki ilivyokuwa. Kwenye nyuklia, kiini chenyewe cha atomi kinavunjika au kuungana na kingine, ikazaliwa atomi ya aina nyingine, kwa nguvu kubwa ajabu. Ndivyo jua linavyowaka, haidrojeni ikigeuka heliamu.

Nimemsomea bibi yako barua hii. Ameweka ungo chini, akacheka.

"Mwambie ukweli. Siku niliyokubali posa yako ulirudi kwenu unang'aa, mama yako akauliza huyu ni nani."

Basi hiyo, Kabula, iweke kwenye nyuklia.

Babu yako