Risasi ya Sauti Ndogo

Kisangani, Tshopo
Jumapili, baada ya misa

Papa wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Mama aliniambia goti linakusumbua tena na wewe hutaki kulipumzisha. Kikohozi chake mwenyewe kimeisha? Na Nyanya, bado anakataa kulala katika chumba kipya? Sisi huku ni wazima. Tonton, mdogo wako, ni mzima na ameongezeka tumbo. Tantine, mke wake, ni mzima. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, na joto halipungui hata baada ya mvua. Mwili wangu wa milimani haujalizoea. Blanketi uliyonipa nimeikunja chini ya kitanda. Siitumii, lakini bado inanuka moshi wa jiko letu, kwa hiyo sijaifua.

Uliniuliza kwenye simu kama nimezoea, au unitafutie nafasi ya shule huko nyumbani mwaka ujao, hata kama hali ya usalama haijatulia. Nikajibu, "Niko muzuri." Papa, simu ilikuwa ya Tonton, imewekwa mezani kati ya sahani, na nyumba nzima ilikuwa inakula huku inasikiliza. Mtu angejibu nini? Dereva anayekwenda huko kuleta maharage ya Tonton amekubali kunibebea barua, basi nakujibu sasa.

Ukweli ni kwamba kwa miezi mingi nilikuwa sizungumzi. Hakuna aliyenikosea. Tantine ni mtu wa Isangi, na katika nyumba hii watu wanacheka kwa Kilingala. Nikishamaliza kuelewa kichekesho, wenzangu wako kwenye kingine. Asubuhi Tantine ananiita, "Kavira, yaka kolia," njoo ule, nami nakuja, nakula, nasema asante, nakwenda shule. Shuleni mwalimu wa kemia anapenda kazi zangu, lakini wakati wa mapumziko ninakaa na kitabu chini ya ngazi. Mumbere, mtoto mkubwa wa Tonton, alinipa jina la Masista. "Muache Masista," anasema nikipita, "iko anaombea makosa yetu." Watu wanacheka, na mimi natabasamu ili wasijue. Umeme ukikatika nafurahi, kwa sababu gizani hakuna anayeona kwamba sina la kusema.

Sasa nikueleze habari ya karabini, maana jibu langu limo humo.

Tonton ana shamba ng'ambo ya daraja la Tshopo, mahindi na karanga, na Jumamosi tunakwenda sote kulima. Simbiliki wameliingia. Unawajua, wale panya wakubwa wa majani. Wanakata mabua chini kabisa, wanakula kidogo, wanaacha mengine yaoze. Tonton akaitoa karabini, bunduki ya kuwindia aliyoachiwa na baba wa Tantine. Ina karatasi zake zote, usiwe na wasiwasi. Siku ya kwanza alipiga simbiliki kwa risasi ya kawaida, ile ya kuua nguruwe wa porini. Mnyama hakubaki mnyama. Mumbere alirudi na mkia na kipande cha mgongo, akauliza kama ile ni nyama ama ni sabuni.

Lakini mimi sikuwa nimeona. Mlio ulipotoka nilikuwa tayari nimelala kifudifudi katikati ya karanga, mikono kichwani, kama tulivyozoea huko kwetu. Nilipoinua uso nikamwona mzee wa shamba la jirani, Papa Lifoko, naye amelala vile vile katika karanga zake. Tukatazamana kupitia majani. Yeye alikuwa Kisangani miaka ile majeshi ya wageni yalipopigana mjini. Akaamka, akajipangusa magoti, akamwendea Tonton.

"Jirani," alisema, "mara ingine ukitaka kupiga, tuma mutu aniambie mbele. Mie nilishasikia hii muziki. Sitaki tena."

Tonton aliona haya sana. Na mimi, Papa, sijui nilipata wapi sauti. Labda kwa sababu ya yule mzee. Nikasema kwamba nyumbani wewe ulikuwa unatengeneza risasi ndogo, ili Nyanya asishtuke na nyama isiharibike. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unaweka fataki mpya, baruti kidogo kuliko kawaida, na juu yake kipande chepesi cha madini laini ya risasi. Sauti inakuwa kama ya mtu aliyepasua bua kavu.

Mumbere akasema, "Kumbe Masista iko na mudomo."

"Nyamaza," Tonton akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na weye unajua kutengeneza?"

"Nilikuwa namushikia Papa taa," nikasema. "Na kupima nilikuwa napima mimi."

Ndivyo ilivyokuwa, si kweli? Wewe ulikuwa unasema macho yangu hayana haraka. Nilikuwa bado mdogo ulipoipeleka karabini yako kwa wakubwa wa serikali, kwa kuwa nyumba yenye bunduki huko kwetu inaita watu wabaya wa kila upande. Bunduki ilikwenda, lakini mikono yangu ilikuwa imekwisha kushika kazi.

Tulianza Jumamosi iliyofuata, mezani, madirisha wazi na jiko limezimwa kama ulivyokuwa unataka. Madini ya risasi ya kuyeyusha yalitoka Isangi. Kaka wa Tantine ni mvuvi huko, akatuletea vipande vya kuzamishia nyavu, vimechakaa kwa maji. Tantine alivipokea mlangoni akiguna: "Hivi vimekamata samaki miaka yote, leo vinaenda kukamata panya. Vitalia." Sikuwa na kipimo chako, nikajitengenezea kingine kutoka kifuniko cha bati, nikakijaribu mara nyingi kabla ya kukiamini. Tonton alikuwa anakaa mbele yangu, mikono juu ya magoti, mfanyabiashara mzima, akisubiri nimwambie sawa. Tukazungumza. Alinisimulia jinsi wewe na yeye mlivyokuwa mnaiba miwa ya padri, na jinsi Nyanya alivyokuwa anaita jina moja tu kutoka mlimani, nanyi mnateremka mbio wote wawili. Alisimulia kwa lugha yetu ya nyumbani. Sikuwa nimeisikia tangu nilipofika.

Risasi zetu zilikwenda vizuri. Simbiliki alianguka mzima, na paja moja lilipelekwa kwa Papa Lifoko. Papa Lifoko alipolipokea akauliza bunduki imelia saa ngapi, maana alikuwa analima na hakushtuka.

Neno hilo ndilo lililotuponza. Tonton alifurahi kupita kiasi. Akawa anasema tupunguze tena, Lifoko asisikie hata kidogo, hata simbiliki wenyewe wasijue wamekufa. Nilisema hapana, lakini nilisema kwa sauti yangu ile ya kila siku, ambayo hata mimi siisikii vizuri. Wiki ile, nikiwa shuleni, alikaa mezani peke yake akajaza risasi zake kwa jicho, bila kipimo. Sikujua.

Jumamosi tukaenda. Simbiliki alikuwa pembeni ya mahindi, mnene, anatafuna. Tonton akalenga, akapiga. Papa, haikulia. Ilitoa "puf", kama kizibo cha chupa. Simbiliki akasimama, akatutazama, akaendelea kula.

Mumbere alicheka mpaka akakaa chini. "Papa, hiyo ni masasi ao ni kikohozi? Amekuambia pole."

Tantine alicheka. Tonton mwenyewe alicheka, akafungua karabini, akatupa ganda, akatia risasi nyingine. Mimi nilikuwa natazama ardhi nyuma ya simbiliki. Hakukuwa na vumbi. Hakuna jani lililotikisika. Nikakumbuka ile siku uliponifundisha, ulivyonishika kidole na kukiweka kwenye mdomo wa mtutu: ikilia ndogo kuliko ndogo, usicheke, usipige tena, fungua utazame. Risasi ilikuwa haijatoka. Ilikuwa imekwama ndani ya mtutu, na Tonton alikuwa ameshafunga, shavu lake limelala juu ya kitako cha bunduki, na risasi nyingine iko nyuma ya ile iliyokwama. Bunduki ingepasuka usoni mwake.

Nilitaka kusema kwa Kiswahili, hakikuja. Kilingala hakikuja. Tonton alikuwa amefumba jicho moja. Kisha nikapiga kelele kwa lugha yetu, neno moja tu, acha, na jina lake la utoto, lile ambalo Nyanya peke yake analitumia.

Akashusha bunduki papo hapo. Hakuuliza kwa nini. Aliishusha kama mtoto aliyeshikwa na miwa mkononi, akageuka kutazama nyuma yake, kule njiani, si kwangu.

"Nani ameniita?" akasema.

Nikaenda polepole, nikamwomba aitoe ile risasi na kuiweka chini. Akaitoa. Nikakata kijiti kirefu cha mwanzi, nikakipitisha mdomoni mwa mtutu. Kilikwenda hadi katikati, kikagonga, kikasimama. Nikakishika pale kilipoishia, nikakitoa, nikakilaza juu ya mtutu kwa nje ili aone mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Tonton alikaa chini kwenye matuta ya karanga na kofia yake ikaanguka na hakuiokota. Tantine alimshika uso kwa mikono miwili, akawa anamgusa jicho moja, halafu la pili.

Papa Lifoko alifika akihema, jembe begani. "Iko nini? Bunduki sikusikia," akasema. "Nimesikia mutoto."

Risasi zote Tonton alizojaza kwa jicho tulizifungua siku ile ile na baruti tukaimwaga. Karabini tuliipeleka kwa fundi mjini, akaisukuma ile iliyokwama ikatoka. Tonton ameiweka juu ya kabati la sahani. Ni kipande kidogo kilichobonyea, na upande mmoja kina mikwaruzo ya mtutu.

Nilidhani basi, bunduki haitarudi shambani. Lakini Jumamosi iliyopita tulirudi, na risasi nilizopima mimi. Tonton akapiga, ikalia kama bua kavu, simbiliki akaanguka. Kisha akafungua karabini, akaitoa ile sehemu ya nyuma, akanyoosha mtutu kwangu, akangoja. Nikachungulia. Nikaona mbingu ya duara, ndogo kama kifungo cha shati. Nikaitikia kwa kichwa.

"Hapana," akasema. "Sema na mudomo."

"Wazi," nikasema.

"Sikusikia."

"Wazi!"

Ndipo akatia nyingine. Na sasa ndivyo ilivyo kila anapopiga. Hatii risasi ya pili mpaka nimesema. Mumbere akitaka kumharakisha, Tonton anamwambia, "Donc unataka kuwa mutoto wa kipofu? Ngoja dada yako aseme." Na kutoka ng'ambo ya mpaka wa mashamba Papa Lifoko anaita, bila kuinua mgongo, "Alishasema?"

Papa, bado niko peke yangu sana. Sitakudanganya. Jumapili kama leo, nyumba ikiwa imejaa wageni wa Tantine, ninakaa nyuma karibu na pipa la maji na kitabu, na kuna ukurasa ninaousoma mara tatu kwa sababu nawaza nyinyi mnafanya nini saa hii. Mumbere bado ananiita Masista. Sijui kama hilo litaisha. Lakini kuna neno moja katika nyumba hii ambalo watu wanalingoja litoke mdomoni mwangu, na nisipolisema hawaendelei.

Kwa hiyo usinitafutie nafasi ya shule mwaka ujao. Nitafutie kile kipimo chako. Nadhani kimo katika kopo la misumari, nyuma ya mashine ya Mama ya kushonea. Umpe dereva, akifunge ndani ya gunia la maharage. Hiki changu cha bati kinaanza kupinda, na siku nikikosea hakuna mwingine wa kuniambia.

Nisalimie Mama, naomba asibebe maji asubuhi ya baridi. Msalimie mdogo wangu anayelala kitandani kwangu, asichore ukuta. Msalimie katekista aliyenipa vitabu, nimevisoma vyote. Mama mkwe wa dada, yule anayesema kila mara nitapotea, mwambie sijapotea. Na Nyanya mwambie hivi, polepole, upande wa sikio linalosikia: mwanao yuko mzima na macho yake yote mawili, kwa sababu siku ile alikusikia ukimwita kutoka mlimani.

Mimi mtoto wako,

Kavira