Chozi kwenye Waya wa Nguo

Jumatatu, 4 Machi

Chozi, wale ndege wadogo wa kunyonya maua, wamejenga kwenye waya wa kuanikia nguo, hatua tatu tu kutoka dirisha la jikoni! Kiota kinaning'inia kama soksi iliyosahauliwa — utando wa buibui, majani makavu, hata nyuzi za buluu za sare tunazoshona kiwandani. Ndani mna vifaranga, nimewasikia. Mama mkwe naye kakiona. Anasema waya ni wa nguo, si wa ndege. Jumamosi akifua anakitoa. Mkwe hajibizwi.

Jumatano, 6 Machi

Nimepiga kiota picha arobaini na moja, zote ukungu mtupu. Tangu sindano ya cherehani initoboe gumba, mkono wa kulia hautulii. Mwezi wa pili huu sishoni. Mume wangu akatazama kamera, akauliza kwa upole kama hilo ni ndege au kitunguu. Nikacheka mpaka machozi — kisha machozi yakaendelea yenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeipata! Kiwiko juu ya mfuko wa mchele, shavu kwenye fremu ya dirisha, natoa pumzi, nabonyeza. Ndivyo nilivyokuwa nikitunga uzi kwenye sindano, sijui kwa nini sikukumbuka mapema. Mama chozi kaleta buibui mdomoni, na vinywa viwili vya manjano viko wazi, wazi kabisa. Miguu ya buibui inahesabika! Kwa mkono huuhuu.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe akatoka na beseni. Nilimwahi mlangoni, nikamwekea kamera mbele ya macho. Akaitazama. Akatua beseni chini. Akauliza ni wangapi. Wawili, nikamwambia. Kisha akasimulia kitu ambacho hata mume wangu hakijui: alipofiwa na mumewe, mwenye nyumba alitaka kumtoa yeye na wanawe wawili, mvua ikinyesha.

"Waya huu usiguswe," akasema. "Mwanangu, picha hii umepiga wewe? Kwa mkono huo?"

Kwa mkono huo, mama.

Nguo zimeanikwa kwenye viti. Shati la mume wangu limekauka na umbo la kiti. Shauri yake.

Jumapili, 17 Machi

Wanatoka leo! Mama mkwe ndiye aliyeniita, kitenge kakifunga upande. Wa kwanza karuka kama jani lililotupwa, katua kwenye mpini wa ndoo. Picha ninayo — kali, hata kucha zake zinaonekana. Wa pili kagoma. Mama yake anamwita kutoka ukutani, anakwenda, anarudi.

Mama mkwe kaiomba kamera. Mara ya kwanza maishani mwake. Nimemwonyesha pa kubonyeza, nikasogea pembeni na daftari langu. Kanikataza nisifunue hata ukurasa, mchakacho usimtishe kifaranga, na huu unaniishia. Jicho moja kalifumba, midomo kaibana. Kifaranga yuko mlangoni mwa kiota, kifua chote nje, bawa moja —