Casiano na Kiti cha Kuita Majina

Kumkumbuka Casiano Yucra Condo, muuguzi wa chumba cha kuzindukia, Tacopampa

Casiano,

Mwaka umetimia tangu ulipoitundika kofia yako kwenye msumari wa nyuma ya mlango, na hadi leo iko palepale. Wajukuu huipangusa vumbi kila Jumamosi. Mwanao Rómulo alitaka kuivaa kwenye harusi ya binamu yake. Akaishika, akaijaribu, akairudisha. "Kichwa changu bado hakijaifikia," alisema. Tulicheka, nawe ungecheka.

Hatuandiki haya kwa machozi mengi. Ulikula chumvi ya kutosha, ukaondoka watu wako wakiwa wamekuzunguka. Ila wengi watakaosoma hapa walipita mikononi mwako wakiwa wamelala, hawakupata kukujua. Tunataka wakujue.

Mikono yako ilikuwa na joto. Huku kwetu juu baridi huingia hadi kwenye mifupa, na mtu akitoka kupasuliwa vidole vyake huwa kama viazi vilivyolala kwenye barafu. Kile kibanio cha kidoleni, kinachopima hewa iliyomo kwenye damu, hakipatani na baridi. "Kidole baridi hudanganya," ulikuwa ukisema. Basi ulikifumbata kidole cha mgonjwa kwenye viganja vyako mpaka kipate joto, ndipo ukakibana. Miaka thelathini na minne ulifumbata vidole vya watu.

Mgonjwa akiogopa kabla ya kupasuliwa, ulikibana kwanza kwenye kidole chako. "Tazama, mama, hakinyonyi damu. Kingekuwa kinanyonya, mimi ningeshabaki ganda."

Mashine ya kibanio hicho ilikuwa na shida yake. Waliitengeneza watu wa nchi za chini, wenye hewa ya kumwaga. Huku mlimani, penye hewa haba, ilimlilia hata mtu mzima wa afya, anayepanda ngazi huku akipiga mluzi. Ikawa inalia kutwa, na wauguzi wakazoea kuinyamazisha. Nani atamsikiliza mtoto asiyekoma kulia? Hata wewe uliinyamazisha, na hukuwahi kulificha hilo.

Ndivyo ilivyokuwa adhuhuri ile Tiburcio, mchimba madini, alipotoka kupasuliwa ngiri. Mkewe Saturnina alisimama mlangoni, kofia ya mumewe mkononi, akifanya kama tunavyofanya sote mtu wetu anapolazwa kwa dawa. Roho hutangatanga, nasi huiita isije ikasahau njia. Alikuwa akiipunga ile kofia na kuita, "Tiburcio, rudi. Usibaki huko. Rudi nyumbani, kuna supu."

"Mama, hapa si sokoni," akaambiwa na muuguzi mkuu. "Nyamaza."

Akanyamaza. Wewe ulikuwa unaitazama namba. Themanini na sita, themanini, sabini na nne, na mashine kimya kwa sababu mmeinyamazisha. Ulimrukia Tiburcio na oksijeni, huku ukipiga kelele, "Muite, mama! Muite tena!" Saturnina akaita. Tiburcio akavuta pumzi kama mtu anayeibuka kutoka majini, na namba ikapanda. Alasiri nzima ulikaa pale na daftari. Kila alipoitwa, alivuta pumzi. Kila walipomwacha, alizama kidogo.

Ulimpelekea daftari Daktari Ximena Arancibia, daktari wa usingizi, binti mdogo aliyekuja kwetu na masanduku mawili ya vitabu. Hakucheka. Alikuambia, "Mzee Casiano, tukiliona kwa mtu mmoja, ni hadithi. Tukiliona kwa watu mia na ishirini, ni tiba."

Ndipo utafiti ukaanza. Ulichukua kiti jikoni kwetu, ukakipaka rangi ya buluu, ukakibeba kichwani hadi hospitalini. Mkeo Fortunata alikula kwa kusimama wiki mbili. Kila mgonjwa aliyekubali alifunguliwa bahasha, iliyochaguliwa bila mtu kujua imeandikwa nini ndani. Ikisema kiti, ndugu yake hukaa kando ya kitanda, humwita jina na kumwambia avute pumzi mpaka azinduke vizuri. Ikisema bila kiti, hutunzwa na wauguzi kama siku zote, na ndugu husubiri nje. Mwishoni namba za hawa zilinganishwe na namba za wale.

Miezi mitano. Watu sitini na watatu. Daktari akaketi, akalinganisha, akakuta wote wako sawasawa. Kiti hakikuonekana kusaidia kitu. Alisema atafunga utafiti Ijumaa.

Siku aliyoyasema hayo ulirudi nyumbani ukaiangalia supu ya karanga mpaka ikafanya utando. Fortunata alikujua. Akakaa mbele yako.

"Haya, sema."

"Nimewaita wote."

"Wote akina nani?"

"Wasio na kiti. Nikipita kupima, namwinamia kila mmoja namwita jina lake polepole, namwambia avute pumzi. Ningewaachaje, Fortunata? Wamelala kama watoto."

"Hata mara moja hukumwacha mtu?"

"Hata mmoja."

Fortunata alicheka kwanza, halafu akaona machozi yako yameanguka ndani ya supu. Ulikuwa umebakiza miaka mitatu ustaafu. Ungeweza kunyamaza, utafiti ukafa kifo chake, na mtu asijue. "Basi kesho kamwambie binti wa watu," alikuambia. "Kosa la huruma nalo ni kosa. Na ule hiyo supu."

Ulikwenda kofia mkononi. Daktari Ximena alisikiliza hadi mwisho. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya majina sitini na matatu, moja moja, wewe ukiwa umesimama. "Huruma yako imekula miezi yangu mitano, Mzee Casiano." Kisha akakuvutia kiti. "Lakini umeniambia ukweli, na ukweli huo unanipa tumaini. Huenda hawakutofautiana kwa sababu wote waliitwa. Nitawaandikia wakubwa wa utafiti mjini, kosa nitalieleza lote. Wakituruhusu, tunaanza upya. Ila bahasha ikisema hapana, wewe unatoka nje. Nje kabisa."

"Nje kabisa, Daktari."

Wakubwa wakaruhusu, wakatupa mpaka Krismasi. Watu mia na ishirini wapya, wasipopatikana basi.

Hawakupatikana. Habari zilishafika sokoni, na sokoni habari hunenepa. Nani anataka kubahatisha roho yake kwa bahasha? Eusebia muuza vitunguu alisimama katikati ya njia akamwambia Fortunata, watu wote wakisikia, "Mumeo anawachezesha wake za wenzake bahati nasibu. Wa kwake amemficha jikoni!"

"Hajanificha, shoga. Mimi ndiye ninayekiogopa kisu."

Maana mawe ya nyongo yalikuwa yanamsumbua mwaka wa pili, na kila akiambiwa apasuliwe alikuwa na dharura ya kondoo. Siku ile alirudi nyumbani akavua aproni. "Niandikishe," alikuambia.

"Wapi?"

"Kwa Daktari wako. Wanitoe mawe, na wanifungulie bahasha kama watu wengine."

Ulikasirika, jambo ambalo hukuwa na kipaji nalo. Ulitembea uani ukazunguka mara tatu, ukamkanyaga kuku. Ulisema, "Na ikitoka bila kiti?" Fortunata alisema, "Itakuwa imetoka." Usidhani hakuogopa, Casiano. Wewe uliamini namba na uliamini roho, hukuona sababu ya kuzigombanisha. Yeye aliamini roho tu. Kwake, kulala bila kuitwa ni kuvuka mto bila kamba. Lakini alishawahesabu wanawake kumi na wawili sokoni waliokuwa wakimtazama yeye atafanya nini.

Asubuhi ya siku yenyewe alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, wewe umefumbata kidole chake, ingawa siku hiyo mikono yako ndiyo iliyokuwa baridi. Muuguzi Delfina alifungua bahasha. Akaisoma kimoyomoyo, akamtazama Daktari.

"Bila kiti."

Uliichukua ile karatasi ukaigeuza, kana kwamba nyuma yake kungekuwa na maneno mengine. Daktari akasema taratibu, "Mzee, mgonjwa yeyote anaruhusiwa kujitoa, hata sasa. Hakuna atakayewalaumu."

Ukamtazama mkeo. Ukitaka kujua alichokuwa akifikiri, alikuwa akifikiri kwamba sharubu zako zinahitaji mkasi. Kisha akasema, "Nenda nje, mzee. Nitarudi mwenyewe. Njia ninaijua."

Mengine walitusimulia Delfina na Saturnina. Ulikaa kwenye benchi la nje kabisa, kofia magotini. Ulitafuna majani ya koka, yanayotuchangamsha huku mlimani, mpaka yakawa makapi tu. Saturnina, mke wa Tiburcio, alikuja kukaa nawe akakuuliza kwa nini usimwite japo kwa kunong'ona, ukuta ni mwembamba. Ulitikisa kichwa. Uliogopa hata kukohoa, kwa kuwa mkeo anakijua kikohozi chako. Saa mbili nzima hukukohoa, mtu mwenye mapafu kama yako! Ndani, Delfina alimtunza Fortunata ipasavyo, na mashine ilipolia safari hii mtu aliitazama, kwa kuwa Daktari alishaipangia kiwango kipya, cha watu wa huku juu.

Fortunata alizinduka akakuta dari nyeupe na uso wa Delfina. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Hakuingia?"

"Hakuingia, mama."

"Vizuri," akasema, akalia kidogo, akalala tena usingizi wa kawaida.

Walipomhamishia wodini ukaruhusiwa, ulimwita jina lake mara nyingi mno, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Mzee, ameshasikia. Hata sisi tumesikia."

Wiki iliyofuata walikuja wanawake kumi na mmoja kutoka sokoni. Wa kumi na mbili alikuwa Eusebia, na mishipa yake mibovu ya miguu. Bahasha yake ikasema kiti, akaringa nayo mwaka mzima.

Watu mia na ishirini walitimia wiki moja kabla ya Krismasi. Walioitwa walizama mara chache kuliko wasioitwa, na waliamka mapema. Leo kila kitanda cha chumba kile kina kiti chake, na bahasha zimeisha. Makala ya utafiti ilipochapishwa, kwa lugha usiyoijua, ulimwomba mjukuu wako Nélida akuonyeshe jina lako. Ukaliwekea kidole. Halafu ukamwomba akuonyeshe mahali palipoandikwa wale sitini na watatu wa kwanza, na sababu ya kufutwa kwao. Ukaweka kidole hapo pia, muda mrefu zaidi. "Hata kosa langu limechapishwa," uliwaambia majirani, kama mtu aliyepata mtoto.

Tunakumbuka na madogo. Ulivyotembea bila soksi kwenye korido kila siku ya mvua kwa sababu soksi zako kavu ulishampa mgonjwa. Ulivyoiba kwenye domino na ukaiba vibaya. Ulivyochemsha uji wa mahindi ya zambarau kila Jumapili, na kila Jumapili ukaunguza, na ukatuambia ndivyo unavyopaswa kuwa.

Jumapili ile ya mwisho hukuuunguza, maana hukuamka kuupika. Mapafu yalikuwa yamechoka. Rómulo aliichukua kofia msumarini akasimama mlangoni kukuita urudi. Fortunata akamzuia. "Mwache, baba amechoka. Mwiteni tu jina, mmoja mmoja, ajue nani yupo." Tukakuita, mmoja mmoja. Fortunata alikaa kwenye kile kiti cha buluu, ambacho hospitali walikurudishia siku uliyostaafu, akafumbata kidole chako. Kilikuwa na joto hadi mwisho.

Kesho adhuhuri, jua likiwa utosini, tutatandika meza, kama tunavyowakaribisha wafu wetu kila mwaka. Kutakuwa na supu ya karanga na mkate wenye sura yako, sharubu zimekatwa vizuri safari hii. Fortunata ataitoa kofia msumarini, atafungua mlango, na atakuita mara tatu kwa sauti ya sokoni, hakuna bahasha ya kumzuia. Njoo ule, mzee. Njia unaijua.

Wanaokukumbuka: mkeo Fortunata; wanao Rómulo na Benedicta; mkweo Gualberto; wajukuu zako Nélida, Isidro na mdogo Casiana, ambaye hujamwona; dada yako Paulina; Daktari Ximena, Delfina na wenzako wote wa chumba cha kuzindukia; Tiburcio na Saturnina; na Eusebia, aliyetaka aandikwe wa kwanza.

Daima tutakuita.