Safari ya Jumamosi kwa Mama Mkubwa

Mama,

Shikamoo. Sijui huko mnaitikiaje, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Jumamosi tunakwenda kwa dada yako. Kwa miguu, kwa njia yako ya kandokando ya ziwa, na mjukuu wako mgongoni. Ndiyo, amezaliwa. Wa kike, kama ulivyosema siku ile ulipoweka kiganja tumboni mwangu, nawe hata kukaa huwezi. Sasa ana miezi mitano. Ana paji lako la uso, na kelele zako pia.

Kadi ya kliniki inasema Asha, maana nesi alitaka kuandika kitu. Lakini hapa nyumbani hatuna tunachomwita. "Mtoto." "Huyu." "Bibi mdogo." Nimeshika ulivyonikanya: "Jina langu asimpe mtu mpaka dada alitamke kwanza. Mimi na yeye tumetoka tumbo moja." Mimi mtoto wa Kivinje, kwetu jina hutolewa siku ya saba yakaisha, lakini nimeolewa kwenu na nimelisubiri.

Tatizo, Mama, dada yako anasahau. Zipo siku ana akili zake zote, na zipo siku hajui amekula au hajala. Tulimpigia simu mwezi uliopita, ikawa siku nzuri. Nikamwomba alitamke palepale, nikasogeza simu kwenye sikio la mtoto. Akanifokea: "Namtamkia nani, betri? Mlete nimshike!" Nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi. Wiki iliyofuata tulipompigia tena, aliniuliza kama mimi ndiye yule muuza chumvi.

Ndiyo maana siwezi kungoja. Yeye kuja hawezi, kiuno hakimruhusu kupanda pikipiki. Na barabara ya kuzunguka imekatika tangu masika. Imebaki njia yako.

Mwanao Salumu hakutaka. Alianza na ufuta, eti tuvune kwanza. Akaja na tope. Akaja na viboko. Kila alipotoa moja nilimjibu, mtoto ananyonya, sauti yangu haikupanda. Mwisho akaropoka: "Na akiniuliza mimi ni mtoto wa nani, nimjibu nini?" Akachukua jembe akaondoka. Sikumfuata. Mtoto anaota meno, nilikuwa sijalala siku tatu, ningesema neno baya. Nilikaa tu nikafikiria kwamba baada ya kukuzika wewe, aliyebaki wa kumwita mwanangu ni yule mmoja, na hata huyo anaweza kumtazama usoni akamsalimia kama mpita njia.

Basi nikapanga mwenyewe. Nimeandika nyuma ya daftari la kliniki. Kutoka saa tatu asubuhi, umande ukishakauka na viboko wamesharudi majini, kama ulivyonifundisha. Kupita juu kwenye mikorosho mpaka tuyapite matete, ndipo tushuke ufukweni. Kupumzika pale wanapokausha perege, kuna kivuli na kuna watu, nitamnyonyesha. Mwendo wako ulikuwa saa mbili, wangu na mzigo huu naweka tatu. Kuondoka kwake saa nane, hata akitubembeleza vipi, ili jua la jioni lisitukute karibu na maji. Maji ya kunywa lita tatu, muhogo wa kuchemsha, nepi sita, kanga ya pili. Na pweza mkavu, ndugu zangu wamemleta kutoka Kivinje. Mama Mkubwa akisahau watu wote, pweza hatamsahau.

Unakumbuka mara ya kwanza uliponipeleka? Niliamka alfajiri, nimejifunga vizuri, nikakuuliza, "Mama, maji yanakupwa saa ngapi, tusije tukazuiwa?" Kwetu pwani hakuna anayetembea kando ya maji bila kuuliza hivyo. Ukakaa chini kwenye umande. Ulicheka mpaka ukashika mbavu: "Mwanangu, ziwa hili limekaa tu kama mgeni aliyeshiba!" Ukanitangaza njia nzima, kwa kila mvuvi, na tulipofika ukamwambia dada yako kabla hata ya salamu. Nilikununia. Lakini wakati wa kurudi ulinibebea kapu langu bila kusema, ukatembea mbele ukinionesha pa kukanyaga.

Habari za hapa ni hizi. Kuku wako wawili wameliwa na kicheche. Jiko nimelihamisha nyuma ya nyumba, usinikasirikie, moshi ulikuwa unamwingia mtoto. Kitanda chako tumekiacha. Hatujakubaliana nani alale hapo.

Na jana Salumu alichelewa kurudi. Nilipomwona, suruali imekunjwa, tope mpaka magotini, panga mkononi. Nikajua hakutoka shambani. Akanawa, akakaa, akasema kama anayeongea na sahani: "Gogo la kwenye kijito lipo, limeoza upande mmoja. Nimekata mti mwingine nimelaza pembeni. Matete nimeyafyeka." Nikamwuliza, "Kwa hiyo unakuja?" Akasema, "Sasa mfuko wa nepi atabeba nani, wewe?" Mwanao huyo. Nilimwongezea mboga.

Lakini hatujui tutamkuta Mama Mkubwa wa siku ipi. Hilo ndilo linalonisumbua, Mama, kuliko tope na viboko. Asipomjua Salumu, nimemwambia asijibu kwa uchungu, ataje jina lake, na lako, hata mara kumi. Mtoto nitamweka mapajani pake tusubiri. Mikono yake huenda inakumbuka.

Na saa nane ikifika hajalitamka, nitalitamka mimi, palepale mbele yake, mkono wake nimeuweka kwenye kichwa cha mtoto. Najua si zamu yangu. Nimeheshimu agizo lako miezi mitano, lakini sitarudi na mtoto asiye na jina, njia hii huenda nisiipate tena yeye akiwa hai. Ukitaka kukasirika, kasirika. Nitakuja kaburini Jumapili, na huyu mgongoni, uniambie.

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema. Jumapili utasikia mtu anaitwa kwa jina lako.

Mkweo, Mwajuma