Chumvi Haipiti Peke Yake

Jumanne, 12 Aprili 1983
Byabato anaharisha tangu alfajiri. Mara sita. Ana mwaka mmoja na miezi miwili tu. Dada yake Kokubanza alianza hivi hivi mwezi wa kwanza. Tulimnyima maji — wazee walisema ukimnywesha unaongeza — na siku ya nne tukamzika. Akililia maji aliyaita "mai". Safari hii nanywesha! Chumvi ipo, sukari hakuna. Duka la ushirika Kayanga halijaleta tangu Pasaka. Nimempa maji ya chumvi tu.

Jumatano, 13 Aprili 1983
Maji yanatoka kama yalivyoingia. Nimembeba mgongoni hadi zahanati. Paketi za dawa ya kuharisha zimekwisha! Nesi Anonciata hakunigombeza.
"Mama, chumvi haipiti peke yake."
Eti ukuta wa utumbo una vilango vidogo mno. Kimoja hakifunguki mpaka chumvi na sukari zifike pamoja. Zikipita, maji hufuata. Protini ikishasagwa, vipande vyake navyo vina vilango vyao, na vingine huvuta chumvi — kwa hiyo nisiache kunyonyesha. Nikasema sukari sina. Akacheka: "Watu wa ndizi mnalilia sukari?" Juisi ya ndizi mbivu kikombe kimoja, maji yaliyochemshwa vikombe vitatu, chumvi isizidi ya machozi. Nimerudi nyumbani Kanoni nusu nakimbia.

Alhamisi, 14 Aprili 1983
Nilikwenda kuteka maji. Nyuma yangu mama mkwe akamnywesha omuramba mtupu, juisi bila tone la maji. Kikombe kizima!
"Mjukuu wangu nimpe ya maji? Hata mgeni nisiyempenda simpi!"
Kwetu kuzimua juisi ni uchoyo, najua. Alifanya kwa mapenzi. Lakini nesi alinionya: utamu ukizidi huyavuta maji ya mwili yarudi tumboni. Tangu hapo mara tisa. Macho yamezama. Ngozi ya tumbo nikiibana inabaki imesimama. Ya Kokubanza ilibaki vile vile.
Nimemweleza mama mkwe habari ya vilango. Amekiweka kikombe chini. Halafu, polepole: "Kwa hiyo Kokubanza angepona?"
Nimemwonyesha jinsi ya kupima.

Ijumaa, 15 Aprili 1983
Asubuhi. Mvua kubwa, kwenda zahanati haiwezekani. Mama mkwe amepima mwenyewe, kimoja kwa vitatu. Kijiko, kijiko. Cha kumi na tano — ametapika vyote! Nesi alisema akitapika ngoja dakika kumi, ndipo uanze tena. Saa hatuna. Mama mkwe anapima kwa Salamu Maria, tumekubaliana thelathini. Naandika ili mikono isiguse kijiko. Hajakojoa tangu jana mchana.
Amefika ya kumi na mbili. Byabato amefungua mdomo, anageuza kichwa, anatafuta kijiko. Mama mkwe ameishia katikati ya sala, ananitazama mimi: tungoje hadi thelathini, au tumpe sasa —