Sebule ya Vigae na Mbao za Mtumbwi

Igoma, Jumapili, Novemba 1995

Mawingu yamejikusanya upande wa ziwa tangu alfajiri na mvua haiji. Siyaamini mawingu ya namna hii.

Nimeficha mambo mawili, nami nayaandika kabla mkono haujakataa. La kwanza ni dogo: kwa muda sasa nimekuwa nikimpeleleza mke wangu. La pili ndilo lililozaa la kwanza. Nilipovuka kwenda hospitali Sengerema, nilirudi nikamwambia Mama Nyamizi kwamba daktari ameona vidonda vya tumbo. Daktari hakusema vidonda. Alisema ini lina uvimbe na umeshaenea, kisha akaniuliza kama nyumbani nina mtu wa kunitunza. Nikamjibu ninaye. Uongo wa vidonda niliutunga kivukoni, katikati ya maji.

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa shule mpaka nilipostaafu. Mwalimu mkuu akikupokea kwa soda baridi na maneno mengi, ujue kuna darasa asilotaka uingie. Nilizoea kuligundua darasa hilo hata kabla soda haijaisha.

Ndiyo maana niliporudi kutoka Sengerema na kukuta sebule yangu haina makochi, sikupiga kelele. Makochi yale yalikuwa ya mninga, nilichongewa nilipokuwa kazini Tabora, na yamehama nasi kila tulipohamishwa. Kabati la vyombo lenye vioo nalo halikuwepo. Mama Nyamizi alikuwa anachambua mchele.

"Nimeviuza," alisema bila kuinua macho. "Vimenichosha."

Sikuuliza zaidi. Mkaguzi mzuri haulizi siku ya kwanza.

Kisha takataka zikaanza kuingia. Sina neno jingine la kuziita, maana ndivyo zilivyokuwa zilipofika. Zililetwa kwa mkokoteni mbao za mtumbwi uliovunjika kule Mwaloni, bado zina lami na pamba kwenye viungo, na ubao mmoja una maandishi ya rangi nyekundu yaliyokatika: MUNGU HA. Sijui ni hakawii, hasahau, au hataki. Vikaja vigae vilivyovunjika kutoka duka la zamani lililobomolewa mjini, vya buluu na vyeupe, ndoo kwa ndoo. Magunia ya kiwanda cha pamba kilichofungwa. Chupa tupu za kijani. Shuka la mtumba lenye picha za nyumba zilizofunikwa theluji, ambalo sasa ndilo pazia letu. Mtu wa Ulaya amelilalia akalichoka, na sisi wa Igoma tunalitundika dirishani kama bendera.

Kila mchana niliketi barazani kwenye kiti cha kamba, nikafumba macho, nikajifanya nimelala.

Niliwaona wakifanya kazi, yeye na jirani yetu Mama Shaabani, mshona nguo. Kwanza alikuja fundi mmoja akawaonyesha namna ya kuchanganya saruji, halafu hakurudi tena. Walijenga benchi la saruji kuzunguka kuta tatu za sebule. Mbao za mtumbwi hawakuzitengenezea meza wala kabati. Walitoboa ukuta, wakazichomeka, wakaziba kwa saruji zikawa rafu. Chupa walizijenga juu ya mlango, matako nje, ili mwanga upite. Vigae wakavipanga sakafuni kipande kwa kipande. Magunia yakawa mito, ndani wakashindilia masalia ya pamba.

"Shikamoo, Mzee Mkaguzi," Mama Shaabani alinisalimia siku moja akipita na karai la mchanga.

Sikuitika. Nilikuwa nimelala.

"Mama Nyamizi, mzee wako akilala jicho moja linabaki zamu."

Wakacheka wote wawili. Nikaongeza kukoroma kidogo.

Nilianza na dhana ya kijinga: mwanamume. Mke gani huuza makochi ya mninga asimwambie mume jina la mnunuzi? Lakini Mama Nyamizi ana miaka zaidi ya sitini na magoti yake yanalia kama bawaba. Nikaiacha. Ya pili: mganga. Huenda amemwambia kwamba ugonjwa wangu umo kwenye mbao za makochi. Hiyo niliishikilia siku kadhaa, mpaka Jumapili moja nikamwona akiimba kanisani kwa moyo wake wote. Hapo nikaona namsingizia.

Ya tatu haikutaka kuniacha. Benchi kuta tatu. Katikati peupe. Hakuna kiti, hakuna meza, hakuna kochi. Nimeshiriki misiba ya kutosha. Najua sebule husafishwa vipi watu wanapokuja kulia.

"Mama Nyamizi, benchi hili ni la nini?"

"La kukalia."

"Watu wangapi?"

"Watakaokuja."

Angalia jibu hilo. Mwalimu mkuu na soda yake.

Jumatano, walipokwenda sokoni, nilifanya jambo la aibu. Niliingia sebuleni, nikalala chali juu ya vigae, katikati, nione kama jeneza lingeenea na watu wakabaki na njia ya kupita. Lingeenea vizuri. Baridi ya vigae ilinipanda mgongoni. Juu ya mlango chupa zilikuwa zimeshika jua, na mwanga wa kijani umelala ukutani kama maji ya ziwa mahali penye matete. Nilifikiri: pamependeza. Halafu nikajaribu kuinuka, nikashindwa.

Mama Shaabani ndiye aliyenikuta. Alikuwa ametangulia kurudi kutoka sokoni.

"Mzee! Umeanguka?"

"Nakagua vigae."

"Kwa mgongo?"

Aliniinua kwa makwapa kama anayeinua gunia la maharage, akanikalisha kwenye benchi. Hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Mama Shaabani hucheka hata kwenye foleni ya maji.

Wanajua, niliwaza. Na mke wangu anaandaa mazishi yangu nikiwa bado nakula uji wake.

Nilimchukia kwa siku mbili. Nimeandika nilichohisi.

Ijumaa akaja mdogo wangu Majura kutoka Nansio, na sato wawili wakubwa na nusu gunia la viazi. Amekuja kunijulia hali, alisema. Mwaka mzima hakuwa amekuja. Sisi hatuna mtoto wa kiume. Nyamizi wetu ameolewa Bukoba. Majura ana wavulana watano.

Aliingia sebuleni, akasimama. Macho yake yalikwenda pembe hadi pembe, nami niliyatambua macho hayo kwa sababu ni macho yangu ya kazini.

"Shemeji, yale makochi ya kaka yamekwenda wapi?"

"Yaliingia kunguni, shemeji," mke wangu alijibu, akimwekea maji ya kunawa.

"Kunguni kwenye mninga?"

"Kunguni hawaangalii mti."

Majura alicheka kwa mdomo tu. Akaketi kwenye benchi la saruji, akainuka, akaenda kwenye rafu. Aliushika ubao wenye maandishi mekundu, akautikisa. Haukutikisika. Akautikisa tena kwa mikono miwili. Alipapasa ukingo wa benchi, akatazama chini yake kama anayetafuta miguu. Akaulizia kabati. Akaulizia baiskeli yangu. Mwishoni akakaa, akakung'uta mikono.

"Siku hizi hapa kwenu, kaka," alisema, "mtu hata hajui ashike nini."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameinama akimmiminia maji mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Sengerema uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Kaka yetu mkubwa alipofariki kule Nansio, tulimaliza matanga, na siku hiyohiyo ndugu wakaanza kutoka na vitu. Kitanda kilitoka. Meza, viti, taa ya karabai, cherehani ya mjane mwenyewe. Tuliita kugawana kumbukumbu za marehemu. Mama Nyamizi alikuwa jikoni na wanawake, akaona yote yakipita mlangoni. Shemeji yetu alibaki amekaa juu ya chungu kilichofudikizwa, maana hakukuwa na kitu kingine cha kukalia.

Mke wangu hakuwa anatandika nyumba kwa ajili ya kifo changu. Alikuwa anaitandika kwa ajili ya siku inayofuata. Nani atabeba benchi la saruji? Nani atapanda meli ya Nansio na kigae kilichovunjika, au na mto wa gunia? Alikusanya vilivyotupwa na watu wote kwa sababu ndivyo pekee ambavyo ndugu hawavitaki, halafu akavipanga mpaka vikapendeza, kwa sababu atakaa navyo.

Jana jioni Majura alipotoka kutembea, nilimwuliza mke wangu amejua tangu lini.

"Baba Nyamizi, suruali zako nimezibana mara tatu toka Julai," alisema. "Ulidhani nafikiri ni vidonda?"

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Baadaye nikamwuliza makochi yangu yamekwenda wapi hasa. Akaligonga benchi kwa kifundo cha kidole.

"Umeyakalia. Saruji yote hii ulidhani imetoka wapi?"

Kisha akasema jambo ambalo sikutaka kulisikia. Alisema vitu vya ndani ameviweza, lakini kuta hawezi. Majura hatabeba benchi, ila anaweza kuhamia na wavulana wake watano na kulikalia, na yeye mjane akapewa nauli ya kwenda kwa mtoto Bukoba. Nyumba inataka neno la mwenye nyumba, litoke mdomoni mwake akiwa hai, mbele ya ndugu yake na mashahidi. Hajaniomba kitu kingine.

Alikuwa na haki, na bado niliudhika. Kwetu mtu akikaa na kutoa wosia, kila aliye pale anajua kwamba hatapona. Ningeweza kusema nimepona kidogo, tusubiri Krismasi. Nilikuwa tayari na sentensi hiyo. Usiniulize nilimshuku nani tena. Nilishuku hata subira yake. Niliwaza labda ananiharakisha.

Lakini nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile, na mgongoni aliniwekea mto wa pamba mahali ambapo ukuta ungeniumiza. Alikuwa ameupima urefu wa bega langu. Mtu hapimi hivyo kwa ajili ya jeneza.

Leo baada ya ibada nilimwomba mzee wa kanisa aje nyumbani. Nikamwita Mama Shaabani, akaja na sindano bado zimechomekwa kifuani. Majura alikuwa ameshafunga begi lake la safari. Nilimwomba aketi.

Niliwaambia kwamba nyumba hii, kiwanja chake na kila kilichomo ni mali ya Mama Nyamizi, aishi humo, auze akitaka, na asije mtu baada ya matanga kutafuta kumbukumbu yangu. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini nilisema polepole, kama zamani nilipowasomea walimu matokeo yao.

Mzee wa kanisa aliitikia kwa kichwa. Mama Shaabani alitazama sakafu. Majura alikunja uso, akamgeukia mke wangu, halafu mimi. Nadhani alitaka kuona kama nimefundishwa maneno hayo.

"Kaka, ni vidonda vya tumbo tu hivi. Mbona unaongea kama mtu anayeaga?"

Sentensi ya Krismasi ilinijia mpaka kwenye meno.

"Kwa sababu naaga, Majura," nikamwambia. "Si vidonda. Nakufa."